Barua ya wazi kwa Mkuu wetu wa Wilaya: sisi sio wavivu, tunaomba umeme

Mheshimiwa, salaam na heshima zote.

Nakuandikia kuhusu maneno yako ya juzi pale kwenye mkutano wa hadhara, kwamba Wajerumani ni matajiri kwa sababu wanachapa kazi na sisi watu wa kusini ni maskini kwa sababu tunashinda chini ya mikorosho tunapiga soga. Watu walipiga makofi. Mimi iliniuma na mpaka leo inaniuma.

Tuanze na hao Wajerumani. Takwimu za OECD, lile shirika la nchi tajiri, zinaonyesha Mjerumani kwa wastani anafanya kazi kama masaa 1,340 kwa mwaka, yani wa chini kabisa kwenye orodha yao, wakati Mmexico anapita 2,200. Sasa kama utajiri ni jasho tu si Mexico ingekuwa juu ya Ujerumani? Wanachopishana ni tija, saa moja ya mtu inazalisha nini, na hiyo inategemea ana mashine gani, umeme upo, barabara inapitika.

Tija yetu huku ikoje nikueleze mana sidhani kama umewahi kukaa tukibangua. Unakaanga korosho kwenye bati, moshi unachoma macho na koo, afu unagonga moja moja, ukizidisha nguvu kidogo tu kiini kinavunjika na bei imeshaanguka. Mafuta ya ganda yanababua vidole, tunajipaka majivu lakini ngozi inatoka tu. Tunaanza alfajiri, na jioni ukiangalia kilichopo kwenye ungo unataka kulia. Vietnam wananunua korosho yetu hii hii ikiwa ghafi, wanabangua kwa mashine wanaiuzia dunia. Mikono yao ni kama yetu.

Na viwanda tulikuwa navyo mheshimiwa, Newala, Masasi, Nachingwea, vilijengwa enzi za Mwalimu, baadae vikabinafsishwa na vingi vikaishia kuwa maghala. Hapo mvivu alikuwa mkulima? Mimi nahisi kuna watu wanafaidika korosho ikiondoka ghafi, ushahidi sina ila ndivyo ninavyohisi.

Kikundi chetu cha kina mama tulichangishana na mkopo juu tukanunua mashine ya kubangulia, mpaka leo imefunikwa turubai kwa sababu inataka umeme wa njia tatu, yani ule mkubwa wa kuendeshea mashine, sio wa taa za nyumbani. Ulikuja mwenyewe ukaikagua, ukatuambia mbele ya mwenyekiti wa kijiji kwamba transfoma itafika kabla ya msimu. Msimu umekuja, minada imeisha, transfoma hatujaiona na marejesho ya mkopo tunadaiwa. Wale vijana uliowanyooshea kidole kijiweni mwanangu yumo, kafaulu kwenda kidato cha tano, yuko nyumbani kwa sababu hela yake imelala kwenye ile mashine.

Nilitaka nikuombe uyafute yale maneno hadharani, pale pale ulipoyasemea. Na barabara ya kwenda ghalani nayo uliiahidi. Lakini hata hayo usipoyafanya, sawa, tutavumilia, umeme tu. Tuletee ile transfoma mheshimiwa, msimu mwingine usitukute tunagonga kwa mkono na mashine ipo.

Ni mimi mama mbangua korosho, kwa niaba ya wenzangu.