Mwanangu, kabla hujajaza fomu ya uzamili

Mwanangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Huku Wete sote wazima, alhamdulillah. Mama yako anakusalimu, na bibi kila siku anauliza utakuja lini. Ujumbe wako nimeusoma. Umemaliza shahada ya kwanza, moyo wako uko kwenye uzamili wa historia, na ami yako amekushauri usipoteze miaka miwili, ukasome utawala wa biashara ili upate kazi. Umeniuliza niko upande gani. Niko upande wako, ila nina sharti, na ndilo lililonifanya nikae kitako niandike badala ya kukupigia simu.

Hofu ya ami yako ni ya kweli. Anawaona vijana wa mtaani kwetu wenye shahada za sanaa wakisubiri tangazo la ajira ya ualimu mwaka baada ya mwaka. Lakini uzamili wa biashara humfaa zaidi mtu aliyekwisha kuwa kazini, akautumia kupanda cheo. Wewe ofisi hujaikalia bado, na hesabu umezikimbia tangu skuli. Ukienda huko kwa kumridhisha mtu utatoka na cheti walichonacho wengi, nawe hukipendi.

Sharti langu ni hili: usichague jina la shahada. Chagua kazi utakayoiweza ukimaliza, ambayo leo huiwezi.

Nikupe la hapa hapa mahakamani kwetu. Juzijuzi alikuja bibi mmoja kwa kesi ya mirathi. Akafungua kitambaa, ndani mna hati ya shamba la mikarafuu, imekunjwa hata mikunjo imetoboka, wino umegeuka rangi ya kutu. Maandishi yote ni ya herufi za Kiarabu. Sisi makarani tumesoma Kurani tangu utotoni, lakini mwandiko ule wa haraka, hauna irabu na nukta nyingine zimerukwa, ulitushinda kabisa. Kesi ikaahirishwa, akatafutwa mzee mmoja ambaye macho yake sasa ni ya taabu. Akaisogeza karatasi karibu na pua, akasoma polepole: mpaka wa kibla shamba la fulani, mpaka wa kusini njia ya kwendea mtoni, kisha jina la muuzaji, kisha mashahidi. Wale ndugu waliokuwa wakivutana wakanyamaza wote. Wazee wa namna ile wamebaki wachache, na sijamwona kijana anayekaa chini akajifunza kwao.

Kwa hiyo ukiniambia "historia" tu, nitakuuliza historia ipi. Ukiniambia utasoma historia, na tasnifu yako itakuwa juu ya hati za mashamba na wakfu za Pemba, na katika miaka hiyo miwili utajifunza kusoma miandiko ya zamani, kuihifadhi na kuipiga picha ikaingia kwenye kompyuta, hapo nitafunga safari nije nikusaidie kujaza fomu. Ujuzi huo una pa kwenda. Nyaraka za Taifa pale Kilimani zina makaratasi ya zama za masultani na ya Waingereza. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inahitaji kujua kilichoandikwa na waliotoa wakfu. Kuna mahakama, kuna mambo ya ardhi, kuna watafiti wanaokuja kutoka nje na kutafuta mtu wa kuwasomea. Na Mji Mkongwe, uliomo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, hauhifadhiwi na mafundi wa chokaa peke yao. Beit al-Ajaib, lile jumba la maajabu la 1883 pale Mji Mkongwe, ilipoporomoka upande mmoja Disemba 2020, sote tuliona uchungu wake. Jengo kama lile likirejeshwa, lazima awepo anayejua lilivyokuwa na maandiko ya kulithibitisha.

Njia ya pili uliyoitaja ni uzamili wa Kiswahili. Siipingi. UNESCO imeipa lugha yetu siku yake, tarehe 7 Julai, Umoja wa Afrika umeikubali kuwa lugha yake ya kazi mwaka 2022, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki makao yake yapo hapo Unguja. Nafurahi kama wanavyofurahi wengine. Lakini mfasiri na mkalimani huajiriwa kwa lugha mbili, na ya pili lazima iwe imara. Kiarabu chako ni kizuri, usikiache kilale. Ukifuata njia hii, tafuta chuo kinachofundisha tafsiri na ukalimani kwa vitendo.

Ualimu wa chuo kikuu usiufanye tegemeo la pekee. Nafasi ni chache, na alama za shahada ya kwanza zitaendelea kukufuata.

Kabla hujalipa ada ya maombi, uliza kila idara nani atakayekusimamia na waliomaliza karibuni wako wapi. Watafute hao wahitimu mwenyewe, zungumza nao. Wakikwambia wote wamerudi kwenye kazi waliyokuwa nayo, fikiri tena. Programu ya tasnifu tupu usiichukue, maana miandiko haisomeki kwa kujifungia chumbani. Chukua yenye vipindi vya darasani.

Mkopo uwe wa mwisho. Ufadhili wa DAAD ya Ujerumani huwafikia pia wanaosomea hapa Afrika Mashariki, na ule wa Jumuiya ya Madola hupeleka wanafunzi Uingereza. Omba yote miwili, hata ukiona huna bahati. Mama yako na mimi tumekubaliana sehemu ya pesa za karafuu za msimu huu iwe nauli na matumizi yako.

Kuhusu wadhamini, mwalimu wako wa historia wa Chake yuko tayari kukuandikia, nimekwisha kuzungumza naye. Anataka nakala za vyeti vyako na ukurasa mmoja wa mada ya tasnifu. Mpelekee wiki hii, kabla hajasafiri. Na yule mzee anayesoma hati nimemtaja jina lako. Amesema uje likizo, asubuhi, kwa kuwa jioni haoni.

Wasalaam,
Baba yako