Malalamiko kuhusu chumba cha chini mnachokitangaza kuwa na mizimu

Kwa Bwana Mkurugenzi wa Hoteli,
Goma

Yahusu: kufungwa kwa chumba cha chini na kurudishiwa malipo yetu

Bwana Mkurugenzi,

Ninawaandikia kwa heshima kuhusu usiku ambao mimi na mume wangu tulilala katika chumba cha chini cha hoteli yenu ya zamani, kile ambacho tangazo lenu linakiita chumba cha mizimu na ambacho bei yake inazidi ile ya vyumba vya ghorofani vyenye madirisha ya kutazama ziwa. Silalamiki kwamba mzimu hakuonekana. Malalamiko yangu ni kwamba mambo yote mliyoahidi yalitokea, na kila moja lina sababu ambayo mtu aliyekulia Goma hawezi kuikosa.

Tangazo linasema kwamba mshumaa ukiwekwa sakafuni huzimika pasipo upepo, kwamba mgeni huamka usiku akihisi kifua kizito kana kwamba amekaliwa, na kwamba mbwa wa hoteli hakubali kushuka ngazi. Mshumaa wa sakafuni ulizimika kweli; ule wa mezani uliendelea kuwaka. Mume wangu, ambaye alitandika godoro chini kwa sababu kitanda kilikuwa chembamba, aliamka akihema na kichwa kikimgonga, nami niliyekuwa juu nilikuwa na nafuu kidogo. Tulipanda uani, na baada ya kukaa kwenye upepo hali yake ikatulia. Sentinele wenu, mlinzi wa usiku, ambaye ni mkweli kuliko tangazo lenu, alituambia kwamba kuku waliofungiwa zamani kwenye shimo lililo nyuma ya chumba hicho walikutwa wamekufa asubuhi, bila jeraha.

Bwana Mkurugenzi, hayo ni mazuku, yaani gesi ya ardhini inayoua. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Sake, watoto hukatazwa kushuka kwenye mabonde ya mawe ya volkano alfajiri, kwa kuwa mbuzi na watu wamefia humo. Kaboni dioksidi hupanda kutoka ardhini kupitia nyufa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini kama vile mashimo na vyumba vya chini ya ardhi. Usiku usio na upepo huongezeka, jua na upepo vikija hutawanyika. Macho hayaioni. Ikiwa kidogo huleta maumivu ya kichwa na pumzi nzito. Ikifikia sehemu moja ya kumi ya hewa, mtu anaweza kuzimia na kufa pale pale alipolala. Anayelala chini hupatwa kwanza, na mbwa, ambaye pua yake iko karibu na sakafu, ana haki ya kukataa ngazi zenu.

Sina kipimo mkononi, kwa hiyo siwezi kuapa kwamba ni mazuku peke yake. Jenereta yenu hunguruma usiku chini ya ngazi hizo hizo, na moshi wake hubeba kaboni monoksidi, ambayo ni hatari ya aina nyingine. Mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyosikia nyayo na kuona watu wasiokuwapo nyumbani mwake, hadi ilipogundulika kwamba tanuru bovu lilikuwa likijaza nyumba moshi wenye gesi hiyo hiyo. Mmejilinganisha pia na The Stanley Hotel ya Colorado, iliyofunguliwa mwaka 1909, na chumba chake namba 217 kinachosemwa kuwa na mizimu, ambacho wageni hukipigania. Mngeeleza basi kwamba mwaka 1911 gesi ililipuka katika chumba hicho na kumjeruhi mtumishi, ambaye alipona. Huko nako gesi ilitangulia mizimu.

Bibi yangu aliamini mizimu maisha yake yote, wala sibishani naye kaburini. Lakini hata yeye hakukubali mtu alale shimoni. Ninyi mmepigilia mbao kwenye dirisha pekee la chumba ili giza lipendeze, na tulipolalamika, kijana wa mapokezi alijibu kwamba tulilipia hofu na hofu tumeipata, kwa hiyo hakuna pesa ya kurudishwa. Hofu tuliilipia, ndiyo. Sumu hatukuilipia.

Ninaomba chumba hicho kifungwe leo, kabla ya mgeni mwingine kulala humo, na kisifunguliwe mpaka wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma wapime hewa yake karibu na sakafu, kabla ya mapambazuko, maana kipimo cha saa sita mchana chenye mlango wazi hakitasema kitu. Mbao ziondolewe dirishani na jenereta ihamishwe mbali na ngazi. Maneno ya mshumaa yafutwe katika tangazo, kwa kuwa mgeni asiyeijua Goma atayasoma kama mchezo na kulaza mtoto wake sakafuni. Kuhusu malipo yetu, risiti imeambatanishwa, nasi tunadai fedha yote.

Nikikosa jibu kwa maandishi, nitapeleka barua hii kwenye ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, inayosimamia usafi na usalama wa majengo.

Pokeeni salamu zangu za heshima.

Mteja wenu wa chumba cha chini
(saini)

Kiambatanisho: risiti ya malipo