Kalenda ya shughuli za Tanga ifuate mwezi na maji

Ndugu Mhariri,

Tanga ina mengi ya kujivunia. Uwanja wa Mkwakwani ni nyumbani kwa timu ya mpira ya Coastal Union, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1988, na kwa African Sports, Wana Kimanumanu. Taarabu ya Black Star na Lucky Star ilitoka hapa, na muziki wa dansi wa Atomic Jazz na Jamhuri Jazz vilevile. Reli ya Usambara ilianza kujengwa hapa mwaka 1893. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, kusini kidogo ya mji, tarehe 1 Januari 1909. Tunachokosa ni siku zinazojulikana. Mkazi wa Duga au Mabawa hawezi kukuambia leo ni Jumamosi gani ya mwaka ujao atampeleka mwanawe kuona ngalawa zikishindana, wala mgeni wa Arusha hana tarehe ya kukatia tiketi ya basi.

Shughuli zetu nyingi hutangazwa Jumatano ili zifanyike Jumamosi. Mbili huangukia siku moja, halafu miezi miwili inapita kimya. Nyingine hupangwa pwani wakati maji yamekupwa, watazamaji wakabaki kutazama matope. Naomba halmashauri ya jiji, kupitia idara yake ya utamaduni, itoe kalenda moja ya mwaka mzima kila mwezi Novemba, ibandikwe katika ofisi ya kila mtaa. Shughuli kubwa zisizidi nane. Na msingi wake uwe huu: Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu.

Sababu ni za kazi tu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, maji ya ghuba yetu hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi na saa nne usiku. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa zinageuka: maji hujaa saa nne asubuhi, na jioni watu wanapopata nafasi ya kutoka, yako chini. Kila siku kujaa huchelewa kwa wastani wa dakika 50. Kwa hiyo Jumamosi ikiangukia siku tatu kabla ya mwezi mpevu, maji yatajaa mapema, saa nane hivi. Ikiangukia siku tatu baada yake, yatajaa karibu na magharibi. Haya yote yanajulikana mwaka mmoja kabla, kwa jedwali la maji kujaa na kupwa linalotolewa kila mwaka. Pamoja na hayo, mwezi mpevu huchomoza jua linapotua, na mama anayerudi Sahare au Mwanzange na watoto saa tatu usiku anaiona njia.

Kisha tuchuje miezi. Machi hadi Mei ni masika, tusipange kitu cha nje. Oktoba hadi Desemba kuna vuli, tupange vya ukumbini. Julai na Agosti upepo wa kusi ni mkali, ngalawa ndogo zinahatarishwa. Septemba kusi inalegea, na huo ndio mwezi wa resi ya ngalawa. Juni kuna ubaridi, mwezi wa baiskeli. Ramadhani nayo hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka: za mwaka 2027, 2028 na 2029 zote zinagusa Februari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja inaanza Januari na nyingine mwishoni mwa Desemba. Atakayeweka tamasha la vyakula Jumamosi ya Februari kwa mazoea atakuta vibanda vitupu. Mfungo Sita, yaani Rabiul-Awwal, tuwaachie wenye Maulidi, wana ratiba yao na inajaza watu kuliko yetu.

Niseme zaidi kuhusu resi ya ngalawa, kwa kuwa ndiyo shughuli ambayo mji wa bara hauwezi kutuiga. Makosa ya kawaida ni matatu. La kwanza ni njia ndefu. Ngalawa zikipelekwa mbali kuelekea kisiwa cha Toten na kurudi mara moja tu, watu wa pwani wanaona vitambaa vyeupe kwa dakika kumi, kisha hawaoni kitu. Afadhali mizunguko miwili ya kilomita 4, boya la kugeukia likiwa mita 150 kutoka ufukwe wa Raskazone. Kwa upepo wa wastani hiyo ni saa moja na kidogo. Zianze saa moja na nusu kabla ya maji kujaa, na ya mwisho iwe imefika si zaidi ya saa moja baada ya kujaa. Ikichelewa zaidi ya hapo inakwama, na mabaharia watateremka kuisukuma huku matengo, yaani mbao za pembeni zinazoizuia isipinduke, yakigonga miamba.

Kosa la pili ni kuchanganya vyombo. Ngalawa ya futi 18 yenye watu wawili haiwezi kushindana na ya futi 24 yenye watu wanne na tanga kubwa. Ziwekwe madaraja mawili, zipishane dakika 15 wakati wa kuanza. Kwenye boya ndipo zinapogongana, maana kugeuza foromali, yaani boriti inayoshika tanga, upande wa pili wa mlingoti kunahitaji nafasi, na nahodha anayefanya kazi hiyo haoni anayekuja nyuma. Zote zizunguke kwa upande mmoja, na boya liwe na nafasi ya wazi ya mita 60 kila upande. Kwa ngalawa 15 ziwepo boti mbili za injini za uokoaji, moja ikae kwenye boya muda wote, na kila baharia avae jaketi la kuokolea hata kama ni mwogeleaji wa kuzaliwa. Ofisi ya bandari ipewe barua na ramani ya njia mapema, kwani meli ikipangiwa kuingia saa hiyo resi ndiyo itakayosubiri.

La tatu ni namba. Mtazamaji asiyejua ngalawa ipi ni ya nani hana wa kumshangilia. Namba ishonwe kwenye tanga pande zote mbili, urefu wa sentimita 60, kwa kitambaa cheusi kinachoweza kufumuliwa baadaye. Rangi isitumike, inaharibu tanga la mtu. Ufukweni akae mtangazaji mwenye darubini na orodha ya manahodha na mitaa yao, atangaze kwa jina: huyu wa Sahare ameshika upepo, huyu wa Chongoleani anapiga bishi, anakwenda kinyume cha upepo. Hapo mtaa unasimama. Na zawadi zisiishie kwa watatu wa mwanzo. Mvuvi aliyeacha bahari kwa siku nzima amepoteza riziki, hivyo kila ngalawa inayomaliza ipewe posho inayolingana na siku moja ya kazi. Mwaka wa pili zitakuja nyingi bila kubembelezwa.

Baiskeli ni rahisi zaidi, mji wetu ni tambarare na kila nyumba inayo. Njia ya kwenda Mapango ya Amboni ni kilomita kama 8 na inapendeza, lakini ndiyo barabara ya malori ya Horohoro, hivyo ianze saa kumi na mbili na nusu asubuhi ya Jumapili na polisi wa usalama barabarani wawe mbele na nyuma. Isipowezekana, Ngamiani inatosha: barabara zake za namba zimenyooka na kila makutano yanahitaji mtu mmoja mwenye bendera na filimbi. Baiskeli za gia zisichanganywe na za kawaida. Iwepo na resi ya wanawake yenye zawadi sawa, kwani akina mama wa Tanga wanaendesha baiskeli tangu zamani na jambo hilo ni sifa yetu.

Sasa suala la mgeni rasmi. Naliandika kwa heshima, lakini ndilo linaloua shughuli nyingi. Tangazo linasema saa tisa. Watoto wa shule wanafika saa nane na kukaa juani. Mgeni anafika saa kumi na moja, hotuba tano zinafuata, magharibi inaingia, na kikundi cha mdumange kilichotoka Lushoto kinapewa dakika sita gizani. Utaratibu uwe kwamba shughuli inaanza kwa saa iliyotangazwa, mgeni akiwepo au asiwepo. Hotuba ni moja, dakika saba, nayo iwekwe katikati ya ngoma mbili ili watu wasiondoke. Ratiba iache nusu saa ya alasiri na nusu saa ya magharibi, vipaza sauti vizimwe kabisa, si kupunguzwa. Uhusiano na misikiti ya jirani ukiharibika kwa hilo, mwaka ujao hutapata uwanja.

Umeme nao. Pale Tangamano, au uwanja wowote wa wazi, jenereta ya jukwaa isiwalishe wenye vibanda. Jagi moja la umeme la kuchemshia chai linavuta wati 2,000 hivi, na mama lishe watatu wakiwasha kwa pamoja, muziki unakatika katikati ya wimbo na vifaa vya bendi vinaungua umeme unaporudi kwa kishindo. Ziwe jenereta mbili: moja ya jukwaa, nyingine ya taa na vibanda, na vibandani majagi yapigwe marufuku, chai ichemshwe kwa mkaa au gesi. Waya mwembamba ukivutwa mita 50 unapata moto na umeme unafika umedhoofu, utumike wa milimita 4 za mraba. Jenereta ikae upande upepo unakoelekea, moshi usirudi kwa watu, na mafuta yasimiminwe ikiwa inaunguruma. Mitungi ya zimamoto iwepo, na namba 114 iandikwe mahali panaposomeka.

Vyoo: kimoja kwa kila watu 100, na vya wanawake viwe mara mbili ya vya wanaume. Maji: tangi la lita 1,000 lenye mabomba manne karibu na vyakula, pamoja na sabuni. Afisa afya wa kata aalikwe wiki moja kabla akague wapishi, asije siku yenyewe na kuanza kufunga vibanda.

Kuhusu kibali, sheria ya polisi inataka taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla ya mkusanyiko, ikitaja mahali, saa na madhumuni. Wengi huifanya hiyo 48 kuwa lengo. Ni ukomo. Barua ipelekwe wiki tatu kabla, nakala kwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, afisa utamaduni na Hospitali ya Bombo, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Msalaba Mwekundu waombwe wahudumu wa huduma ya kwanza kwa barua hiyohiyo.

Matangazo yaanze wiki sita kabla. Bango la ukubwa wa A3 liwe na mambo manne tu kwa herufi kubwa: nini, lini, wapi, kiingilio. Tarehe iandikwe pamoja na jina la siku na mwaka. Picha za matangazo huzunguka kwenye simu hata mwaka unaofuata, na watu hufika uwanjani siku ambayo hakuna kitu. Saa iandikwe "saa 9 alasiri", isiwe "saa 9" peke yake. Mabango yabandikwe wanakosimama watu: Soko la Mgandini, Makorora, Mlango wa Chuma, stendi ya Kange, mwalo wa Deep Sea, vijiwe vya kahawa na kwa mafundi baiskeli. Bango la kwenye nguzo ya barabara kuu linaonwa na mtu aliye kwenye basi la Mombasa. Wiki ya mwisho redio za hapa zitangaze, na gari la matangazo lipite mitaani jioni, si saa nne asubuhi watu wakiwa kazini. Nafasi ya bure ambayo hatuitumii ni mapumziko ya mechi pale Mkwakwani: dakika 15, watu wamekaa, kipaza sauti kipo.

Si kila kitu kiwe kikubwa. Matembezi ya mjini kuanzia makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani, kupita mnara wa saa hadi stesheni ya reli, yanahitaji mwongozaji mmoja kwa watu 15 na muda wa saa mbili tu, kuanzia saa moja asubuhi kabla ya joto. Na tarehe 1 Januari, siku aliyozaliwa Shaaban Robert na ambayo tayari ni sikukuu, ingetosha kabisa kuwa siku ya kusoma mashairi kwa sauti kwenye Bustani ya Jamhuri. Gharama yake ni mikeka, kipaza sauti kimoja na kahawa.

Kwa upande wa gazeti lako, naomba nafasi ndogo kila Ijumaa kwa shughuli za Tanga za wiki mbili zijazo. Waandaaji walete maandishi yasiyozidi maneno 40, yenye siku, tarehe, mwaka, saa, mahali na kiingilio, kabla ya Jumanne saa kumi jioni. Itakayokosa kimojawapo isichapwe.

Mkazi wa Chumbageni,
Tanga