Mhariri, turudishieni ukurasa wa hadithi za picha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lenu. Mi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Mwanga, Kigoma, gazeti la Jumamosi huwa sikosi hata likichelewa kufika. Wiki tatu zilizopita nilifungua nikakuta ule ukurasa wa hadithi za picha haupo, mmeweka mikeka ya kubeti, nikasema labda ni wiki hiyo tu, kumbe ndo imetoka hivo. Wiki iliyofuata msomaji mwenzangu akaandika kuwapongeza, anasema katuni ni mambo ya watoto, na zile zinazotokana na sizoni za TV ndo hazina maana kabisa, mtu si aangalie yenyewe tu. Hapo nikaona siwezi kunyamaza.

Yenyewe ipi? Mi Star Trek, ule mchezo wa TV wa Kimarekani wa watu wanaosafiri kwa meli ya angani kwenye nyota, nimeisoma miaka mingi kabla sijaiona. Baba yangu mdogo alikuwa reli, kila akirudi kutoka Dar alikuwa anapitia kwa wale wauza vitabu wanaotandika chini, ananiletea vitabu vya katuni, vingi havina jalada, vingine kurasa za mwisho zimeng'oka. Umeme wa Kigoma enzi zile ulikuwa wa jenereta, leo upo kesho haupo, na TV tuliyokuwa tunaijua sisi watoto ni ya kibanda cha video, pale ni kareti tu kuanzia mchana mpaka usiku. Kwa hiyo Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock niliwajua kwa kuwasoma, sauti zao nimejitungia mwenyewe kichwani. Spock nilimpa sauti ya mzee mmoja wa Ujiji aliyekuwa anatufundisha madrasa, mtu anaongea polepole, hapandishi sauti hata akikasirika.

Kwenye kitabu kimoja ile meli yao, Enterprise, ilichorwa inatoa moto nyuma, kwenye yale mapipa mawili marefu. Mi nikaona sawa kabisa, kama meli yetu ya ziwani, Liemba, inatoa moshi ikiingia bandarini kwa nini hii isitoe moto. Nikaichora hivohivo nyuma ya daftari la hesabu, mwalimu akalichukua daftari na kitabu chenyewe na kitabu sikukiona tena. Mpaka leo kinaniuma.

Nilipoenda kusoma Tabora ndo nikaiona kwenye TV kwa mara ya kwanza. Meli haina moto! Inapita tu kimya. Niliona kama nimedanganywa, mpaka nilipokuja kusoma habari za hivo vitabu vilitengenezwaje. Kampuni ya Gold Key ya Marekani ilianza kuvitoa 1967, mwaka mmoja tu baada ya mchezo kuanza kwenye TV, na mchoraji wake mkubwa wa miaka ile alikuwa Mwitaliano, Alberto Giolitti, anachora akiwa Roma, na mchezo wenyewe alikuwa hajauona. Alipewa picha za matangazo tu, sura za waigizaji na meli, basi, mengine kajazia mwenyewe. Ndo moto ulikotokea huko. Hebu fikiria Mhariri, mtu wa Roma anachora kitu ambacho hajakiona, na mtoto wa Kigoma anasoma kitu ambacho hajakiona, katikati yetu hakuna TV hata moja na bado hadithi imefika. Sasa mtu akiniambia katuni ni kivuli cha TV nashindwa kumwelewa, kivuli gani kinasimama bila mwenye mwili kuwepo?

Na kweli mwenye mwili hakuwepo. Ule mchezo ulikatwa 1969 baada ya vipindi 79, lakini vitabu vya Gold Key vikaendelea mpaka 1979, vikafika matoleo 61. Hapo katikati kwenye TV kulikuwa na marudio, na miaka ya 1973 na 1974 kukawa na katuni za kwenye TV, lakini aliyetaka safari mpya mwaka hadi mwaka ilibidi anunue kitabu. Baada ya hapo kampuni ya Marvel wakachukua, wakatoa matoleo 18 tu wakaishia 1982, halafu kampuni ya DC 1984, na kuanzia 2007 wako IDW.

Hao wa DC ndo nawapenda kuliko wote na nitasema kwa nini. Wao walianza Spock akiwa ameshakufa kwenye muvi ya 1982. Sasa muvi nyingine ikatoka 1984 Spock akafufuka, na Enterprise ikaungua, kwa hiyo wenye katuni hawana meli na muvi inayofuata bado miaka miwili. Wangefanyaje? Wakampa Kirk meli nyingine, Excelsior, Spock naye wakamfanya kapteni wa meli yake, Surak, wakawasafirisha hivo mpaka muvi ya 1986 ilipokaribia, ikabidi kila mtu arudishwe pale pale ambapo muvi ilimwacha. Ni kama mpangaji aliyeachiwa nyumba, anapaka rangi, anapanda maua, halafu anasikia mwenye nyumba anakuja Jumatatu na anataka akute kila kiti kipo mahali pake. Kazi hiyo si ya kitoto. Anayetunga hadithi yake mwenyewe ana uhuru, huyu anatunga huku amefungwa mkono mmoja na bado msomaji anafungua ukurasa moyo unadunda.

Waingereza nao walifanya hivo kwa Doctor Who, mchezo wao wa TV wa Daktari anayesafiri kwenye nyakati, ulioanza Novemba 1963. Mwaka uliofuata gazeti la TV Comic likaanza kuuchora, likampa Daktari wajukuu wawili, John na Gillian, ambao kwenye TV hawapo kabisa. Kuna wanaokasirika kwa hilo. Mi naona mchoraji alijua wasomaji wake ni watoto, akawawekea watoto wenzao ndani.

Sasa nije kwetu, maana hili ndo limenifanya nishike kalamu. Kwenye ile meli ya Star Trek, Enterprise, kuna dada wa mawasiliano anaitwa Uhura. Nilipolisoma mara ya kwanza nilimwambia baba mdogo hawa wamekosea kuandika, ni Uhuru. Hawakukosea, jina limetoka kwetu kweli, wakabadilisha herufi ya mwisho wakaweka a, na kwenye vipindi vya mwanzo huyo dada anaongea Kiswahili, aliyemwigiza ni marehemu Nichelle Nichols. Jina la kwanza kaja kupewa baadaye, nalo ni Nyota, kwenye vitabu mwaka 1982 na kwenye muvi likatajwa 2009. Nyota Uhura! Mtu ana jina la Kiswahili juu mpaka chini, na vitabu vyake vyote nilivyowahi kushika ni vya Kiingereza. Inaniuma zaidi ya lile daftari.

Na msiniambie sisi hatuna mazoea ya hadithi za picha. Gazeti la Uhuru lilikuwa na Chakubanga, Kenya Taifa Leo walikuwa na Juha Kalulu, jarida la Sani tumelisoma mpaka karatasi inalainika kama kitambaa, wazee wetu walikuwa wanagombania Spear, yule mpelelezi wa picha za kupiga, Lance Spearman. Wasomaji wapo. Kilichokosekana ni ukurasa.

Siwaombi mkachore Star Trek, najua ile ina wenyewe na inahitaji vibali na hela. Naomba mrudishe ukurasa wetu wa Jumamosi, na muwape vijana wachore hata hizi tamthilia zetu za TV, kwa makubaliano na watayarishaji, hadithi ikiishia kwenye TV wao waendelee nayo. Huku vijijini kuna nyumba nyingi hazina TV ila gazeti linafika, linasomwa na watu kumi, halafu ndo linafungia maandazi. Mikeka ya kubeti watu wanayo kwenye simu tayari.

Kama shida ni wachoraji, mi binafsi nawafahamu wawili hapa Mwanga, mmoja anaandika mabango ya saluni na mwingine bado yuko sekondari. Nimeambatanisha kurasa nne za huyu wa sekondari, kachora meli inatoka bandari ya Kigoma kwenda juu ya mawingu. Ina moto nyuma, na sikumwambia mimi.

Msomaji wenu,
Mwanga, Kigoma