Madhara ya dawa za skizofrenia yapimwe, yasiulizwe juujuu

Mhariri,

Mara nyingi mgonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa mkali wa akili, anayerudi kliniki huulizwa swali moja tu kuhusu madhara ya dawa: "Dawa zinakusumbua?" Akisema hapana, dozi inaendelea. Hicho si kipimo. Huenda hajui kwamba hedhi imekata au nguvu za kiume zimepungua kwa sababu ya vidonge, na hata akijua, anaona haya kusema. Apewe dodoso la GASS, orodha ya maswali kuhusu madhara ya dawa hizi; lina maswali 22 tu. Asiyejua kusoma asomewe faraghani, si mbele ya ndugu zake.

Dodoso lina mpaka wake, kwani dawa zinaweza kufanya midomo na ulimi vichezecheze bila mwenyewe kuhisi. Hapo ndipo AIMS inapohitajika, kipimo ambacho mpimaji hutazama kwa macho yake miondoko ya mwili isiyo ya hiari. Mgonjwa ateme pipi au bazoka, avue viatu na soksi, akae kwenye kiti kigumu kisicho na mikono. Afungue kinywa mara mbili, atoe ulimi mara mbili, kisha agonganishe haraka kidole gumba na vidole vingine kwa sekunde 10 hadi 15, mkono mmoja baada ya mwingine. Wapimaji wengi hukodolea macho vidole, kumbe zoezi hilo ni la kumshughulisha tu. Cha kutazamwa ni uso na miguu.

Kosa linaloumiza zaidi linahusu akathisia, ile hali ya kushindwa kutulia inayoletwa na dawa. Mgonjwa anatembea huku na huku, akisimama anahamisha uzito mguu hadi mguu. Watu husema ugonjwa umepanda, dozi inaongezwa, naye anazidi kuteseka. Kipimo cha Barnes, cha kutambua akathisia, kinataka atazamwe angalau dakika 2 akiwa ameketi na 2 akiwa amesimama, huku mazungumzo ya kawaida yakiendelea. Kisha aulizwe kama ni miguu inayokataa kutulia, na kama hali hiyo inamkera.

Uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe kabla ya dozi ya kwanza. Visipopimwa, baadaye hakuna cha kulinganisha nacho. Uzito urudiwe wiki ya 4, ya 8 na ya 12. Ukiongezeka kwa asilimia 5, yaani kilo 3 kwa aliyeanza na kilo 60, daktari afikirie kubadilisha dawa, asingoje suruali zimkatae.

Muuguzi wa afya ya akili