Muheshimiwa wa mazingira, wale kasuku wapelekwe Lwiro

Muheshimiwa,

Nakusalimia kwa heshima yote, najua uko na mambo mingi, vita, makala ya miti, mikutano. Lakini hii ya Jumamosi imenishinda. Hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu, kuna mtu aliingiza vikapu vya kasuku usiku, asubuhi tukakuta wengine wamekufa wametupwa kwa mtaro, mabawa yamejaa gundi, na watoto wananyofoa ile mikia nyekundu wanachezea.

Si ulisema wewe mwenyewe kwa redio kwamba kasuku akikamatwa hapa Bukavu anapelekwa Lwiro, kwa kile kituo cha kutunza wanyama waliookolewa, siku hiyo hiyo? Tulipiga makofi. Mimi nilipiga sana, pengine ndiyo maana mikono ingali inauma.

Mara ile ya kwanza kasuku walipoletwa, nilienda kutoa habari kwa ofisi moja, wakaniomba pesa ya esanse, mafuta ya gari, nikatoa. Ndege wakapakiwa kwa pikipiki, pikipiki ikashuka upande wa mpaka. Lwiro iko upande wa Kavumu, Muheshimiwa, hiyo hata mtoto wa shule anajua. Tangu siku ile mtaani wananiita indikateri, mchongezi, mwenye nyumba amepandisha kodi, unga wangu unakaa tu kwa duka maana wateja wanapita ng'ambo, na bwana yangu anasema nilijitakia.

Watu wanasema hao kasuku wanatokaka jimbo la Maniema, wananaswa kule kwa gundi wakishukia kula ngazi, yale matunda ya michikichi. Mimi nawaza kuna shefu, mkubwa fulani, nyuma yake, kwa sababu hivyo vikapu vinapita bariere zote za barabarani na mimi hata kuku moja sipitishi bila kutoa kitu. Na sheria iko, ya 2014 ya kulinda viumbe, tena tangu 2017 CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya viumbe vya porini, imekataza kasuku wa porini kuuzwa nje ya inchi. Huyu ndege anataga mayai machache, ndani ya tundu la muti mukubwa, na hiyo miti ndiyo tunachoma makala. Sasa tukiongeza na gundi atabakia nani?

Siombi semina, siombi kamisheni, wala picha yako umeshika kasuku. Waliobaki wangali kwa nyumba ile, wanalia kila asubuhi na polisi wanapita hapo wanasikia. Wapelekwe Lwiro. Leo, kabla hawajaishia kwa mtaro, wapelekwe Lwiro. Kama gari halina esanse sema tu, nitatoa tena, ila safari hii lishike njia ya Kavumu.

Mama muuza unga, Kadutu