Betri ya kijiji ijazwe kabla kimbunga hakijafika

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo lililonikaa rohoni tangu Mei 2024. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Somanga, wilayani Kilwa, na pembeni ya kibanda nina meza ya kuchajisha simu. Simu moja shilingi 300. Juu ya bati kuna paneli ya wati 100, chini ya meza betri ya sola ya ampea-saa 100, ile nzito ya risasi. Siku za kawaida inatosha na kusaza.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilipoipiga pwani yetu, umeme ulikatika. Mvua ikaichimba barabara kuu mpaka ikakatika. Mabasi na malori yakakwama, abiria wakalala ndani ya magari, na Jumapili saa nne asubuhi mezani kwangu zilikuwa simu zaidi ya sitini, kila moja imefungwa kikaratasi chenye jina.

Betri yangu ilikuwa imebaki kidogo juu ya nusu. Tangu Ijumaa mawingu yalitanda, na usiku ule runinga haikuzimwa nyumbani, tunafuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Betri ya risasi ukiinyonya chini ya nusu mara kwa mara unaiua, na juu hakukuwa na jua. Ikanibidi nichague.

Nataka wasomaji waelewe kuchagua kule kulivyo. Kijana mmoja mama yake yuko Mafia, kimbunga kimepita huko huko, hajui kama nyumba imesimama. Dereva wa basi ana abiria hamsini na tajiri wake hajui gari liko wapi. Bibi mmoja alinyamaza tu, simu ameishika kwa mikono miwili. Nikamwamkia, nikamuuliza anataka kumpigia nani. Akasema, "Simpigii mtu, mwanangu. Nasubiri wanipigie." Niliichomeka simu ya bibi kabla ya ya dereva, na mpaka leo sijajua kama nilifanya sawa.

Kisha akaja baba mmoja, mkewe ameshikwa na uchungu. Simu yake ilikuwa na chaji kidogo, akapiga 115, ile namba ya bure ya usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga. Wakampokea vizuri, wakamwambia wanamtafuta dereva aliye upande wetu wa barabara. Dereva hapatikani. Nilipopekua vikaratasi nikaliona jina la dereva huyo: simu yake ilikuwa mezani kwangu, imezima, ya thelathini na ngapi sijui kwenye foleni. Tukamtuma mtoto kwa baiskeli akamfuate nyumbani. Mama alifika zahanati, akajifungua salama. Lakini ile simu iliyolala mbele ya macho yangu ndiyo iliyonifanya niandike barua hii. Siku ya maafa chaji si mali ya mtu mmoja. Anayeomba msaada anahitaji simu hai, na anayeombwa vilevile.

Ninachoomba ni hiki: kila kijiji cha pwani kiwe na kisanduku chake cha sola, kwenye zahanati au shule ambako watu hukimbilia, na kamati ya maafa ya kijiji ikihesabu pamoja na mablanketi na unga. Paneli ya wati 100 au 200, betri ya lithiamu aina ya fosfeti ya chuma, kidhibiti chaji, na matundu kumi ya USB. Betri hiyo ni nyepesi, mtu mmoja anaibeba, na unaweza kuitumia karibu yote bila kuiharibu, tofauti na hii yangu.

Hesabu nimeijua kwa kuifanya kila siku. Paneli ya wati 100 kwa jua letu zuri hukupa kama saa tano za nguvu kamili, yaani wati-saa 500. Toa zinazopotea njiani, utachajisha simu janja kumi na nne hivi mpaka zijae. Wingu zito likitanda, paneli ile ile inashuka hadi sehemu ya tano au chini ya hapo, simu tatu zimekwisha. Ndiyo maana nasisitiza betri: siku ya kimbunga unatumia jua la juzi. Tahadhari ikitolewa siku mbili kabla, hizo ndizo siku za kujaza, na usiku wake hakuna runinga.

Simu ya kitochi inakula kama sehemu moja ya tano ya simu janja, nayo inapiga na kupokea vilevile. Jumapili ile mchana niliacha kujaza simu mpaka mwisho. Kila mtu nusu saa, vitochi kwanza, na foleni ikaanza kusogea. Nikaacha pia kutumia inveta, nikachomeka chaja za gari moja kwa moja kwenye volti 12, maana kupandisha umeme hadi 230 halafu chaja iushushe tena hadi 5 ni kuumwaga.

Niwatahadharishe na pawabenki zenye kipaneli mgongoni. Kipaneli kile ni cha wati moja au moja na nusu, na pawabenki ya miliampea-saa 20,000 ina wati-saa 74. Ukitegemea jua peke yake utaianika zaidi ya wiki, na joto linaichakaza. Nunua pawabenki ya kawaida, ijaze mapema, na paneli iwe kifaa kingine, kisichoungana nayo. Paneli yenyewe, kwa sisi wa kusini, mwezi Mei ielekezwe kaskazini, na kivuli cha jani moja la mnazi kisiiguse.

Najua nitaulizwa pesa zitatoka wapi. Gesi ya Songo Songo inaingia nchi kavu hapa hapa Somanga, na tangu 2004 inakwenda Dar es Salaam kuzalisha umeme. Halmashauri yetu inapata ushuru wa huduma kutokana na gesi hiyo. Kisanduku ninachokisema hakifiki hata bei ya pikipiki mpya. Madiwani wetu walizungumze kwenye kikao cha bajeti, wakiwa na jina la mtu atakayeshika ufunguo na kuijaza betri kila mwezi, kwa sababu lithiamu ikiachwa tupu kabatini inakufa.

Msimu wa vimbunga huku kwetu huanza Novemba na huhesabiwa kuisha Aprili, na Hidaya alikuja Mei. Nimeshamwambia mtendaji wa kijiji kwamba kufunga mitambo nitafunga bure, na vijana wawili nitawafundisha. Vile vikaratasi vya majina bado ninavyo kwenye droo, nitakwenda navyo kwenye mkutano wa kijiji.

Wakala wa pesa na mchajishaji simu,
Somanga, Kilwa